Wingu la Kwenye Picha Ile Nimelichora Mimi

Kashaulili, Mpanda
Jumanne, baada ya kazi

Kwa kaka yangu Jilala,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inawakuta wazima nyote, mguu wa mama umepungua uvimbe, na watoto wanakwenda shule. Mimi mwilini sina ugonjwa. Siwezi kuandika kwamba niko salama, kwa sababu sijui.

Shemeji Ng'washi, najua ni wewe unayemsomea. Nakuomba usome yote. Akikwambia "ruka hapo," usiruke. Akiinuka kwenda zizini mngoje, kisha uendelee pale ulipoachia. Na barua hii isipigwe picha, wala isitumwe kwa mtu yeyote kwa simu. Sababu mtaiona mbele.

Kaka, nimekukasirikia. Nimekuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na ndivyo tulivyolelewa, lakini tangu Alhamisi uliponipigia, kila nikikumbuka maneno yako nagonga muhuri juu chini. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ofisi, kwenye pipa la maji, na sauti yako ikawa inasikika mpaka barabarani.

"Kumbe huko kampuni yenu inagawa majani mazuri hivi na wewe umenyamaza kama umemeza jiwe!"

"Kaka, hiyo ni picha ya tangazo tu."

"Najua ni tangazo, mimi si mtoto. Maandishi siyatazami. Natazama wingu. Wingu halina bosi."

Nikakwambia usije, huku kuna mbung'o wanaoua ng'ombe. Ukacheka. Ukasema nimeshakuwa mtu wa kiti cha kuzunguka, nataka malisho yaende kwa wenzangu wa mjini, nawaonea wivu ng'ombe walionisomesha. Ukasema lori limeshapatikana, kibali cha kusafirisha mifugo kimeshatoka, na Jumapili unapakia. Ukakata simu.

Ng'ombe walionisomesha! Kaka, neno hilo hukupaswa kuniambia. Siku ile uliyomuuza yule dume mweusi nipate kwenda chuo nilikuwepo, nikakuona ulivyogeuka ukutani. Unadhani nimesahau?

Ijumaa nikakuandikia ujumbe. Nilieleza vizuri, kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Niliandika kwamba bwawa linaloonekana kwenye picha halipo, kwamba pale ni msitu mkavu wenye mbung'o, na mpaka wa hifadhi uko karibu mno, ng'ombe akivuka anakamatwa. Nikakuomba ufute ujumbe ukishasomewa. Na wewe ukafanya nini? Ukauchukua mzima mzima ukautupa kwenye grupu la wateja wa kampuni, mbele ya watu wote, ukauliza kwa sauti, "Mimi niko Kishapu. Mdogo wangu aliyeko huko anasema hivi, ni kweli?"

Ukamuuliza mwenye duka kama bidhaa yake ni mbovu! Kaka, ng'ombe wa mtu ukimnunua unamfungua mdomo, unahesabu meno, humuulizi mwenyewe. Hili ulifanyaje?

Jumatatu asubuhi meneja wetu, Madam Generoza, alituita wote. Aliusoma ujumbe wangu kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, polepole, kama mwalimu anayesoma insha mbovu. Kisha akavua miwani.

"Nani humu ndani ana kaka Kishapu?"

Akapitisha macho kwetu mmoja mmoja.

"Nkwabi. Kwenu si Kishapu?"

"Kishapu ni kubwa, Madam."

"Na mdomo wako pia ni mkubwa. Toa simu."

Nikaitoa. Akasimama nyuma yangu, nikawa nasikia anavyopumua, akanitajia maneno ya kuandika. Ule ujumbe wa pili ulioupata Jumatatu, unaosema "Kaka samahani, nilikuwa na homa, nilichanganya na sehemu nyingine, hapa pazuri sana, karibu," niliuandika kwa vidole vyangu, lakini maneno ni yake. Wewe ukajibu kwa ujumbe wa sauti, "Nilijua tu," kisha ukanifungia simu. Akausikia na huo. Akasema, "Unaona? Kaka yako ana akili kukuzidi."

Mtaniuliza kwa nini nilikubali. Vyeti vyangu vyote halisi viko kwenye kabati lake la chuma tangu siku niliyoajiriwa. Cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo. Kila mfanyakazi aliacha vyake, ndivyo wanavyofanya hapa, wanasema ni usalama wa kampuni. Aligonga lile kabati kwa funguo, mara moja tu. Mimi ni mwoga, kaka. Hilo ulilosema kwenye simu ni kweli.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hili hakuna mtu wa nyumbani anayelijua. Mnadhani mimi ni karani wa mafaili. Nilikuwa karani wa mafaili. Picha ile uliyoiona, yenye bwawa na majani na mvua inayokuja, hakuna kamera iliyoipiga. Imetengenezwa kwa kompyuta. Na aliyeitengeneza ni mimi.

Ilianza hivi. Kampuni ilikuwa na fundi wa picha, akaondoka bila kuaga. Aliacha picha moja aliyoitengeneza ya malisho, na Madam akaipeleka mnadani ikiwa imechapwa kwenye bango kubwa. Wafugaji wakaicheka. Dereva wetu, Mzee Joseph, Mbende, mwenyeji wa huku huku, aliirudisha ofisini akiwa bado anafuta machozi ya kicheko.

"Nkwabi, hebu njoo uone. Haya ni mawingu au magodoro yameanikwa? Na huu mti, kivuli chake kinakwenda upande wa Tabora, na jua lenyewe liko huko huko Tabora. Mti gani huu wenye kiburi?"

Madam hakucheka. "Watu ambao hawajui hata kusoma wameicheka picha yangu," alisema. Akanigeukia. "Wewe si mtoto wa wafugaji? Na kompyuta unaijua. Itengeneze upya. Nataka mtu akiitazama atafute mwavuli."

Kaka, nikafurahi. Lazima niseme kweli, nilifurahi. Mwaka mzima nilikuwa nagonga mihuri, hakuna aliyejua jina langu, na sasa nimepewa kazi ya akili. Kwa wiki kadhaa Joseph alikuwa ananishusha Kakese asubuhi akienda kwenye shughuli zake, na mimi nakaa ukingoni mwa mashamba ya mpunga na kamera ya ofisi, napiga picha mawingu. Nikaandika kila saa kwenye daftari: jua liko wapi, upande gani wa wingu unang'aa, upande gani unakuwa wa buluu, milima ya mbali inafifia kiasi gani. Wanawake waliokuwa wanapalilia waliniuliza kama nimetumwa na utabiri wa hali ya hewa. Nikasema ndiyo. Huo ndio uwongo wangu wa kwanza katika kazi ile, na ulikuwa mdogo.

Kompyuta inakuuliza jua liko wapi, na lina kimo gani. Ukishaliweka, kila kitu lazima kilitii: mti, ng'ombe, jiwe, na wingu pia. Yule fundi wa kwanza aliweka mwanga wa nyasi kutoka upande mmoja na wa mawingu kutoka upande mwingine, ndiyo maana macho ya wafugaji yalikataa hata kabla hawajajua wanakataa nini. Mimi nikaweka jua moja. Nikayafanya mawingu yawe na unene, mwanga upenye kwenye kingo na ufe tumboni. Nikaweka kivuli cha kila wingu chini kwenye majani, maana wingu lisilo na kivuli ni pamba tu. Yale ya mbali nikayapunguza na kuyasogeza pamoja karibu na upeo. Yakawa mazuri. Lakini bado hayakuwa mvua. Niliyatazama siku mbili nikajua kuna kitu kimekosekana, na sikukipata Kakese.

Nilikipata kwako.

Nilikuwa na miaka saba au minane, tuko na ng'ombe kule kwenye mbuga ya udongo mweusi, na mimi nashangaa wingu jeupe refu kama mnara. Ulinishika kidevu ukakishusha. Ukasema, "Usitazame juu, juu ni mapambo. Tazama kitako." Ukanionyesha wingu jingine, fupi, baya, kitako chake kimenyooka kama kimekatwa kwa panga, cheusi kama chungu, na chini yake mwanga umepenya kutoka ubavuni mpaka majani ya manjano yakawa kijani kabla tone halijaanguka. "Hilo likionekana hivyo," ukasema, "ligeuzie ng'ombe, mvua imeshapita pale zaidi ya mara moja, majani yapo."

Nikaliweka hilo, kaka. Nikanyoosha vitako vya mawingu yote vikae usawa mmoja. Nikatia weusi. Nikaacha ufa wa mwanga kati ya wingu na ardhi, nikaushusha mpaka ukagusa majani, na majani nikayabadilisha rangi pale tu mwanga ulipogusa. Pembeni nikaweka pazia la mvua, limelala kidogo kwa upepo. Joseph alipoliona hakucheka. Alisimama na kikombe chake cha chai, akasema, "Hapa hata mimi ningekimbia kuanua mahindi."

Ulisema wingu halina bosi. Hili lilikuwa na bosi, na bosi wake akaniambia niongeze bwawa chini yake. Nikamuuliza bwawa liko wapi. Akasema litachimbwa. Nikaomba basi pembeni tuandike kwamba ni picha ya kompyuta. Akasema, "Umeajiriwa kuchora au kuhubiri?" Nikachora bwawa. Ilinichukua siku tatu kuyafanya maji yaonyeshe wingu kama maji yanavyoonyesha, yaani jeusi zaidi kuliko lilivyo juu. Nilijivunia hata hilo.

Sehemu yenyewe niliiona baadaye, tulipopeleka vigingi vya mipaka, mbali na barabara ya Mishamo. Nilisimama pale pale ambapo kwenye picha niliweka ng'ombe wanakunywa. Ni korongo la mchanga. Miti yake ni ya miyombo, majani ya chini magumu kama ufagio, na kabla sijafunga mlango wa gari mbung'o walikuwa wameshaniuma shingoni. Joseph akaniuliza, "Mtaalamu, lile wingu lako liko upande gani?" Nikapanda gari. Nikarudi ofisini nikaendelea kugonga mihuri. Nilijiambia hakuna mtu atakayehamisha mifugo kwa sababu ya picha.

Wiki mbili zilizopita akaja mtu mmoja anaitwa Maduhu, Msukuma mwenzetu, mtu mzima. Aliingia bila kusalimia. Unajua maana yake, Msukuma mtu mzima kuingia mahali pa watu bila kusalimia. Akaweka karatasi ya picha mezani kwa Madam, imekunjwa mpaka imechanika.

"Nyie ndio mlioweka hii mvua?"

"Mzee wangu, karibu ukae. Hiyo ni picha ya mfano."

"Sikuuliza mfano. Ng'ombe wangu wanakula na wanakonda, manyoya yamesimama, macho yanatoa machozi, na ndama wamekwisha. Niliwatoa mahali penye maji nikawaleta kwa wingu hili. Nataka kumwona aliyelichora. Huyu si mtu wa mjini. Mtu wa mjini hajui kitako cha wingu. Huyu amechunga."

"Fundi wetu alishahamia Dar es Salaam," Madam akasema bila hata kupepesa.

Mimi nilikuwa kwenye meza ya kona, hatua nne kutoka kwake. Akanitazama. "Na wewe kijana? Mtoto wa nani?" Nikamtajia ukoo wetu. Akasema kwa Kisukuma kwamba amefurahi angalau kumwona mtoto wa nyumbani katika nyumba ya wezi. Akatoka. Nilikaa nimeinamia muhuri mpaka wino ukakauka.

Kwa hiyo uliponipigia Alhamisi ukasema umeona wingu, nilipaswa kukwambia pale pale, "Kaka, hilo ni wingu lako, nimekuibia." Nikashindwa. Nikasema habari za mbung'o, kana kwamba mimi ni bwana mifugo. Niliona aibu kuliko nilivyoogopa, na nilikuwa naogopa sana. Umedanganywa na macho yako mwenyewe, na mimi ndiye niliyewapa kampuni macho yako.

Ukitaka kunitukana hapa, Shemeji asimame kidogo akuache.

Jana baada ya kuandikishwa ule ujumbe, mchana nilitoka kama mtu anayekwenda kula, nikachukua bodaboda mpaka Kakese, ambako Maduhu amejishikiza kwa shemeji yake na ng'ombe waliobaki. Nilimkuta anamchoma sindano ndama mmoja, na mtoto wake wa kike amekishika kichwa cha ndama. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila baba." Aliendelea na sindano. Nikamwambia, "Aliyechora lile wingu ni mimi."

"Rudia."

Nikarudia.

"Sogea nikuone."

Nikasogea. Kaka, nilijua atanipiga, na miguu ilikuwa inataka kukimbia bila mimi. Alimaliza sindano kwanza. Akaifuta, akaiweka ndani ya kopo, akasimama.

"Nani alikufundisha kitako?"

"Kaka yangu."

"Yuko wapi huyo kaka yako, nikamuulize kama alikufundisha na wizi?"

"Yuko Kishapu. Anapakia ng'ombe Jumapili kuja huku."

Akamtazama ndama wake. Kisha akacheka, kicheko kibaya, mpaka yule binti akaogopa. "Kwa wingu hili hili?"

"Hilo hilo, baba."

Akatema mate pembeni, karibu na kiatu changu, sijui kama alikusudia. Akasema Jumamosi wafugaji wote waliochukua vitalu vya malisho vya kampuni, na wanaotaka kuchukua, watakuwa mnadani. Nitasimama mbele yao niseme kama nilivyomwambia yeye, nikiwa na ile picha mkononi, na nionyeshe jinsi nilivyoiweka. "Ukisema vizuri labda hawatakupiga," akasema. "Ukitoroka nitakupiga mimi." Nikakubali. Nilipoanza kuondoka akaniita tena. "Wewe. Umekula?" Nikasema hapana. Hakunipa chakula. Akasema, "Vizuri," akarudi kwa ndama wake.

Ndiyo hali ilivyo. Barua hii naipeleka kesho alfajiri kwa kondakta wa basi, kwenye bahasha ya kaki, na ameniahidi itafika kwa yule mama wa duka la pembejeo kituoni kwenu. Madam hajui. Jumamosi atajua. Vyeti vyangu sitaviona tena, au nitaviona baada ya ugomvi mrefu, na ofisi nyingine hapa mjini haitamwajiri karani aliyesimama mnadani kuisema kampuni yake. Nimekaa nikafikiri njia nyingine yoyote. Nimekosa.

Lori lirudishe. Mwenye lori atakutukana, mwache atukane. Kibali kikae, hakiozi. Kama umeshawaambia majirani kwamba unakwenda kwenye mvua, waambie umeahirisha, au waambie ukweli kwamba mdogo wako ni mwongo, sitakanusha. Na kama kuna jirani mwingine aliyeona ile picha akaanza kuuliza bei ya lori, mfuate nyumbani kwake leo. Usilitume hili kwenye grupu! Mfuate kwa miguu.

Na ukisikia Jumapili kwamba nimepigwa mnadani, usije kunilipizia. Nakujua. Utasema utakuja peke yako kwa basi, halafu utasema kwa kuwa nakwenda basi niende na ng'ombe. Usije hata peke yako. Waliopoteza ndama ndio watakaonipiga, na wao wana haki zaidi yako.

Mama mwambieni nakula, na mafuta ya kuchua mguu nitayatuma na mtu, si kwa kondakta. Bibi mzaa baba mpeni shikamoo yangu karibu na sikio la kushoto, la kulia halisikii. Mjomba anayelinda kisima mwambieni sijasahau ahadi ya tochi. Watoto wako wote wasalimieni kwa majina, na yule mdogo aliyezaliwa baada ya mimi kuondoka mwambieni ana baba mdogo. Shemeji, ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Najua umesoma sehemu nyingine kwa sauti ya chini.

Kaka Jilala, niite mwizi, niite mtu wa kiti cha kuzunguka, nifungie simu mwaka mzima. Lakini nikasirikie ukiwa hapo hapo nyumbani.

Mdogo wako tumbo moja,
Nkwabi